Chenso Aliyonichagulia Kaka Yangu

Nimezalisha wanawake kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na kinyaa sikukijua. Damu, matapishi, kondo la nyuma lililoanza kuoza tumboni mwa mtu aliyecheleweshwa nyumbani siku tatu: vyote hivyo nilivishika, nikanawa mikono, nikala wali wangu wa mchana nikashiba. Kinyaa nilikuja kukijua nikiwa mstaafu, kwenye duka la vifaa pale Nangurukuru, nilikonunua msumeno wa mashine. Huku kwetu tunauita chenso.

Kazi niliyoitakia ilikuwa ndogo. Mama yetu alipofariki, mikorosho ishirini na miwili iliyo nyuma ya nyumba yangu hapa Somanga iliniangukia mimi. Kaka yangu mkubwa alipata shamba la ng'ambo ya barabara, ambalo ni kubwa zaidi, na sikulalamika, sheria ya mirathi ndivyo ilivyo. Lakini siku ya arobaini, dua ikiwa imekwisha na wazee bado wako mkekani, kaka akatoa neno. Alisema shamba la mama halitafia mikononi mwetu, na sehemu ya mdogo wake ikigeuka pori, ataichukua yeye. Wazee wakaitikia. Mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, nikayasikia hayo dirishani na sahani za pilau mikononi.

Na kweli lilikuwa linageuka pori. Matawi yalishuka mpaka chini, yakashikana mti kwa mti, jua halipiti, na kila msimu ubwiriunga ulifunika maua kwa ule unga wake mweupe yakakauka. Bwana shamba aliniambia nipogolee kila mwaka baada ya mavuno, kazi ya siku tatu au nne tu. Nilijaribu vibarua wa shoka. Walichana magome, wakavunja matawi yenye afya na kuacha makavu, kisha wakaomba chai. Nikasema basi, nitanunua mashine ndogo nifanye mwenyewe. Mkono uliovuta watoto usiku kucha hauwezi kushindwa na tawi.

Sasa, mwanamke mwenye kaka haendi peke yake dukani kununua kitu kama hicho. Atasemwa hana watu. Kaka mwenyewe alinikumbusha: "Uende Nangurukuru peke yako, mdogo wangu, kama yatima? Mimi nimekufa?" Nikampigia simu siku tuliyokubaliana, tukapanda basi pamoja.

Kaka yangu anatumia ugoro. Alipoingia dukani alikuwa na donge lake chini ya mdomo, na kabla hajasalimia alitema mate ya kahawia sakafuni, karibu na kidole changu cha mguu. Muuzaji akayatazama, akatabasamu.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

"Marahaba, baba."

Mazungumzo yangu naye yakaishia hapo. Yaliyobaki yalikuwa baina ya wanaume. "Mzee, unakata nini?" "Mikorosho." "Mikubwa?" "Mikubwa sana." Mimi mwenye mikorosho na mwenye pesa nilisimama katikati yao nikipitwa na maneno juu ya kichwa.

Mashine zilikuwa tatu. Moja ya kuchaji, ya vijitawi vya uani, na kwa umeme wetu huu unaokatika ukijisikia, niliiacha mwenyewe. Ya pili ilikuwa ndogo ya petroli. Niliinyanyua kwa mkono mmoja, nikaishusha, nikainyanyua tena hadi usawa wa kifua. Ilikaa vizuri. Ya tatu ilikuwa ya watu wanaoangusha miti porini kuchana mbao.

"Hii inanitosha," nikasema, nikiwa bado nimeshika ile ndogo.

Kaka akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo ya kukatia mchicha. Unataka watu wanicheke?"

Alisema wanicheke, hakusema wakucheke. Nililisikia neno hilo, likapita. Akaiwekea mkono ile kubwa, akaipapasa, akasema ndiyo hiyo. Nikafungua mdomo kisha nikaufunga. Kwetu mkubwa hakatwi kauli mbele ya watu baki. Ukimpinga kaka yako dukani, umemvua nguo, na aliyelelewa vizuri hafanyi hivyo. Nikalipa. Kaka akaibeba begani hadi kituoni, akiwasalimia watu asiowajua.

Nyumbani niliivuta kamba ya kuwashia mara kumi. Ikapiga chafya moja, ikanyamaza. Siku kaka alipoiwasha, sikuweza kuinyanyua juu ya kiuno bila mikono kutetemeka. Ilikuwa nzito kama mtoto wa miaka miwili asiyetaka kubebwa, tena mtoto mwenye meno. Kaka akaizima, akaitia begani. "Niachie mimi. Nikipata nafasi nakuja kukufanyia."

Nafasi haikupatikana. Iliyopatikana ni ya kukatia watu magogo ya tanuri za mkaa; mashine nilikuwa naisikia kutoka mbali, asubuhi hadi adhuhuri. Wiki zikaenda. Nilipomuuliza, alisema mikorosho haikimbii. Halafu siku moja akaja, bila mashine, akazunguka shambani kwangu mikono nyuma, akivuta tawi hili na lile. "Naliona pori hili, mdogo wangu," akasema. "Mvua zikikatika tu, maua hayo. Nilisema siku ya arobaini, wazee wakasikia." Akatema ugoro wake kwenye shina la mkorosho.

Nilidhani ni uzembe. Wallahi, nilidhani kaka yangu ni mvivu tu.

Nilimfuata kwake nikaichukua mashine. Nilikuta mnyororo butu, umeshika mchanga na utomvu, umelainishwa kwa oili nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki ya mtu. Kwenye mpini, pale ninapotakiwa kushika mimi, mate ya ugoro yalikuwa yamekaukia. Niliusugua kwa sabuni na mswaki wa zamani huku nimegeuza uso. Kisha nikaifunga kwenye kiroba, nikapanda basi kwenda Nangurukuru kunoa mnyororo, safari hii peke yangu.

"Mama, mzee amekutuma?" muuzaji akaniuliza.

"Nani anitume? Mashine ni yangu."

Kijana wa watu akashikwa na haya. Akafuta kaunta ambayo haikuwa chafu. "Samahani, mama. Mzee alinipigia kabla hamjafika siku ile. Alisema shamba ni lake, wewe unamsaidia kulipa tu. Akasema utataka ndogo, nisikuuzie, kwa sababu huna utakalokata."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji. Kichefuchefu kilinipanda, cha kweli, mate yakajaa mdomoni. Kama angeniibia usiku ningemwelewa, wezi wapo. Huyu alichukua adabu aliyotufunza mama yetu mmoja akaifanya kamba ya kunifungia. Alijua sitampinga mbele ya watu. Alijua nitalipia mwenyewe mashine nisiyoweza kuinyanyua, kisha yeye abaki kungoja pori limee.

Na bado kinyaa kikubwa zaidi kilikuwa changu mwenyewe. Miaka yote niliwagombeza wanawake walioletwa wamechelewa, mtoto amekwama, kwa sababu mume hakuwepo au mjomba hajatoa ruhusa. "Mdomo huna?" niliwauliza, wengine wakiwa kwenye uchungu, Mungu anisamehe. Na mimi mdomo nilikuwa nao siku ile, mzima, wenye meno yote.

Dukani walikuwepo mafundi wawili, dereva wa lori, na mama muuza vitumbua aliyekuja kudai sahani yake. Nikasimama. "Shamba ni langu," nikasema, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia wodini. "Kaka yangu alikudanganya. Alinichagulia hii ili nishindwe, shamba liwe pori alichukue. Ichukue hii, nipe ile ndogo."

Mama wa vitumbua akashika kifua. Tumefundwa kwamba aibu ya ndugu unaifunika kwa kanga yako mwenyewe, hata ukibaki wazi. Mimi niliifunua mchana, njia panda, mahali basi la kila upande linasimama.

Muuzaji alinibadilishia. Safari hii alizungumza na mimi. Alinionyesha kuchanganya petroli na oili kidogo kidogo, ya kazi ya siku hiyo tu, na kuimwaga yote nikimaliza, maana mashine ya mtu anayeitumia mara moja kwa mwaka huuawa na petroli iliyolala ndani. Alinionyesha kukaza mnyororo, kusimama kando ya tawi, na kutokata kwa ncha. Mambo ya robo saa. Angeweza kunieleza siku ya kwanza.

Habari zilifika Somanga kabla yangu. Sijavua baibui, simu ikaita.

"Umenivua nguo Nangurukuru," akasema kaka.

"Ulijivua mwenyewe, kaka. Mimi nilisema tu kwamba uko uchi."

Akakata.

Nilipogolea asubuhi nne. Vumbi la mti liliingia puani, utomvu ukanibabua mikono mpaka ngozi ikatoka, na siku ya pili nilikata tawi zima zuri kwa ujinga wangu. Lakini jua lilifika chini. Mzee mmoja kati ya wale wa arobaini alipita, akasimama, akasema, "Hapa pamepogolewa," akaenda zake. Hilo ndilo lote nililopata kutoka kwa wazee.

Kaka hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo. Idi ilipita. Nilingoja kuona kama nitalia, sikulia, nikapunguza mchele wa fungu lake.

Juzi juzi, maua yameshaanza, akaja mkewe. Akakaa ukingoni mwa mkeka, akaulizia afya yangu mara tatu. "Wifi," akasema mwishowe, "kaka yako anaiomba ile ndogo. Siku mbili tu. Matawi yamembana."

"Nampa," nikasema. "Aje mwenyewe Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Aseme kwa mdomo wake shamba la nyuma ya nyumba hii ni la nani, halafu aichukue."

Akanitazama. "Wifi, unajua hawezi."

"Najua."

Akaondoka. Ijumaa tatu zimepita. Ng'ambo ya barabara maua ya kaka yangu yameshafunikwa na unga mweupe, nayaona kila nikifungua dirisha, na simwonei huruma.