Paa la Bwana Misumari

Mume wangu ni fundi wa kupaua nyumba, na mtaa mzima unamwita Bwana Misumari. Pale fundi mwingine anapopiga msumari mmoja, yeye anapiga mitatu, kisha jioni anapanda tena kuongeza wa nne, eti roho haijatulia. Tangu kimbunga kilipoezua nyumba ya marehemu baba yake, adui yake ni upepo tu. Nimechoka naye.

Mimi nililia na sakafu. Tunakaa bondeni, jirani na bahari, na redio ilishasema bahari siku hizi ina joto, vimbunga vinamwaga mvua kuliko zamani. Nikamwambia, "Baba watoto, tuinue nyumba." Akanijibu, "Hiyo redio imeshapaua nyumba ngapi?" Sasa mtu kama huyo utambishia nini?

Kimbunga kilipotangazwa, nikataka tumpeleke mama mkwe, ambaye miguu imemwishia, kwa wifi yangu kule mlimani. Mume wangu akakataa katakata. Akapigilia mbao madirishani, akalizunguka paa na nyundo yake. Na kweli, upepo ulivuma kutwa na bati halikutikisika. Ulipotulia akanitazama akitabasamu. "Nilikwambia nini?"

Mvua ndiyo haikutulia. Maji yalipita chini ya mlango, yakafika kitandani kwa mama. Mlango ukagoma kwa uzito wa maji, madirisha yana mbao. Tukampandisha mama juu ya kabati, na maji yakaja nyuma yetu. Pa kutokea palibaki paani tu.

Basi nimemshika mama mkwe kiunoni, namtazama fundi akipigana na kazi yake mwenyewe. Anagonga kona hii, imeshikwa. Anagonga ile, imeshikwa zaidi. Machozi yanamtoka.

"Mwehu gani kapiga misumari yote hii?" akafoka.

Nilikuwa na jibu, nikalimeza, maana maji yalishafika kifuani kwa mama. Bati likaachia yalipomgusa kidevu.

Sasa maji yameshapungua, naye analikarabati paa. Jana mama alimwita kutoka kwenye kiti chake.

"Mwanangu, bati la juu ya kabati usilipige msumari. Lifunge kwa kamba, nami niweze kulifungua."

Miaka yote nimesema mimi, hakusikia. Aliishusha nyundo yake, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kamba ya kuanikia nguo iko wapi.