Aliomba kazi ya kuchomelea, kumbe nafasi ni ya mwenzake aliyeungua

Asubuhi hii lori la mafuta limeegeshwa katikati ya karakana na dereva wake amechoka kungoja. Honi ya kwanza aliipiga kwa adabu. Sasa anaipiga kwa hasira. Juu ya tangi, mwanamke mwenye ovaroli lililotobolewa na cheche amepiga magoti, anashusha ndani kipima gesi kilichofungwa kamba.

Kifaa kinalia. Mwanamke anakivuta juu na kuwaashiria waoshaji waanze upya.

Dereva anauliza kwani ufa wenyewe si mdogo tu, kazi ya dakika chache? Mwanamke anashuka ngazi taratibu, anajisogeza kwenye kivuli cha gurudumu na kufungua chupa yake ya chai.

Hapa kazini wanamwita Mama Cheche. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mjane, mama wa watoto watatu. Kwa karibu miaka ishirini alitengeneza mageti na madirisha kando ya barabara. Kuna wiki alizopata mageti mawili, na kuna wiki alizokaa akipiga soga huku mashine imepoa kama jiwe.

"Moto siuogopi," anasema. "Siku hizi naogopa simu."

Simu anayoisema aliipiga mwenyewe, mwaka jana, siku ambayo yeye na binti yake mkubwa walikuwa mezani wakiandika barua ya kuomba kazi. Binti ndiye aliyeona tangazo: kampuni inayotengeneza matangi ya malori inatafuta fundi mmoja mwenye uzoefu. Mama Cheche hakuwa amewahi kuandika barua ya kazi maishani. Kazi zake zote zilimjia kwa mtu kupita, kuona geti la jirani na kulitamani.

Binti, aliyesomea ukarani, alitaka barua ipendeze. Akaandika kwamba mwombaji ni mwaminifu, mchapakazi, na anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Mama akamsimamisha hapo. Akataka kujua shinikizo la nini, la gesi? Walicheka mpaka binti akaufuta mstari mzima.

Walipokaribia mwisho, binti akasema lazima waweke jina la mdhamini, mtu anayeijua kazi ya mwombaji. Mama Cheche hakufikiri mara mbili. Akamtaja Ngamia.

Huyo ndiye fundi aliyemfundisha kushika mashine, enzi ambazo majirani walimcheka mwanamke anayeshinda na vyuma. Waliomwita Ngamia walimwona akifanya kazi juani kutwa nzima bila kugusa maji. Miaka ya karibuni alikuwa ameajiriwa mahali, na wawili hao wakawa watu wa salamu za mara moja moja. Mama Cheche akampigia kuomba ruhusa ya kutumia jina lake.

Aliyepokea ni mkewe. Akasema mumewe hawezi kushika simu. Alikuwa akiziba ufa kwenye tangi aliloambiwa limeoshwa, na cheche ya kwanza tu ikawasha mvuke wa mafuta uliobaki ndani. Mikono yote miwili imeungua hadi viwikoni, na uso upande mmoja. Mama Cheche akauliza ilikuwa kampuni gani. Mke akaitaja.

Ndiyo kampuni iliyokuwa imeandikwa juu ya ile barua mezani.

"Mama alinyamaza kabisa, simu bado iko sikioni," anakumbuka binti yake. "Nikadhani mtandao umekatika. Nilipomtazama usoni ndipo nikajua."

Kilichomshtua kuliko vyote, anasema Mama Cheche, ni lile tangazo. Alilisoma tena na tena, akitafuta neno moja tu juu ya mtu aliyeumia.

"Waliandika 'nafasi imepatikana'. Imepatikana, kama kitu kilichookotwa njiani. Ndugu yangu yuko kitandani amefungwa bandeji, wenzake wameshaipata nafasi."

Kesho yake alikwenda hospitali akiwa amekusudia kumwambia Ngamia kwamba barua ile ataichana. Ngamia alimsikiliza hadi mwisho. Kisha, akizungumza kwa shida, akamwuliza kama akiichana, karakana itafungwa.

"Watamchukua mgeni," Ngamia akamwambia. "Ataambiwa tangi ni safi, na atakubali, maana anaitaka kazi. Omba wewe, dada. Ila waandikie humo humo kwamba huwashi moto kabla hujapima mwenyewe."

Akaandika hivyo. Binti alimsihi aondoe maneno hayo, akisema hakuna mwajiri anayemwita mtu mwenye masharti kabla hata hajakaribishwa kiti. Mama akakataa. Na mahali pa mdhamini akaliacha jina la Ngamia.

Aliitwa. Meneja aliisoma barua mbele yake, akafika kwenye lile jina, akasita. Akamwambia asubiri nje. Mama Cheche alisubiri mpaka mafundi wakaanza kunawa mikono waende nyumbani, ndipo karani akatoka na kumwambia aanze Jumatatu.

Alirudi nyumbani akiamini kwamba barua imemgusa meneja moyoni. Baadaye karani yule yule akamfumbua macho. Baada ya mlipuko, watu wa bima walikuwa wamegoma kuikatia bima kazi yoyote ya matangi mpaka awepo fundi wa kutia sahihi kwamba kila tangi limepimwa. Katika barua zote zilizopokelewa, ni yake tu iliyotaja kupima.

"Nilikaa chini," anasema. "Nilidhani wamejuta, kumbe walikuwa wanatafuta wa kumbebesha lawama."

Siku ya kwanza waliletewa taarifa ya tangi lililokuwa bado njiani, na msimamizi akamsogezea karatasi atie sahihi kabisa. Mama Cheche akaomba kipima gesi. Kilitolewa kabatini kikiwa ndani ya boksi lake, nailoni ya kiwandani haijachanwa.

Risiti iliyobandikwa juu ya boksi ilikuwa na tarehe ya kabla ya ajali. Kifaa ambacho kingemwokoa Ngamia kilikuwa upande wa pili wa ukuta, siku ile alipoungua.

Aligoma kusaini. Msimamizi akampigia kelele kwamba watu kama yeye hawamalizi mwezi. Ameshamaliza miezi mingi, na hakuna tangi lililoguswa na moto kabla hajalipima. Gazeti hili lilipomwuliza meneja kuhusu ajali, alisema suala liko kwa mawakili, hana la kuongeza.

Karakana sasa ina malori mengi kuliko anayoweza kupima na kuchomelea peke yake. Mama Cheche amemshawishi msimamizi, yule yule aliyempigia kelele, kwamba aajiriwe mpimaji. Kazi hiyo haihitaji vidole vinavyokunjika vizuri. Inamhitaji mtu asiyekubali kuharakishwa.

Ndiyo maana Jumapili hii yuko sebuleni kwa Ngamia, kalamu mkononi, akimwandikia barua ya kuomba kazi. Ngamia anatamka polepole. Mkewe, aliyekaa pembeni, anawarekebisha kila wanapotia chumvi.

Wanafika mahali pa kueleza kwa nini aliacha kazi ya awali. Mama Cheche anapendekeza waandike "sababu za kiafya", kama binti yake alivyomshauri. Ngamia anatikisa kichwa.

"Mimi sikuacha kazi, dada," anasema. "Andika hivyo. Sikuacha. Niliunguzwa, na sasa nimepona kiasi cha kurudi."

Mama Cheche anaandika, anamsomea, anakunja karatasi. Kesho, anasema, haipitishi kwa karani. Atamkabidhi meneja mkononi, na atasimama pale pale mbele yake mpaka aisome yote.