Zamu ya Kahawa Ng'ambo ya Wadi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha umeme nje kidogo ya Maskati, Msimamizi wa Zamu hakunipa spana. Alinipa kiti. Akakiweka mbele ya jenereta ya dizeli na kusema, "Kaa usikilize. Ukisikia kitu kimebadilika, niite."

Nyinyi mliokulia kwenye umeme wa gridi huenda hamjui kwamba mtambo wa dizeli una sauti yake ukiwa mzima. Mzigo ukipanda, yaani watu wakiwasha vitu vingi, sauti huwa nzito hata kabla mshale wa mita haujasogea. Karibu na adhuhuri nilimwita.

"Imekuwa nzito."

"Watoto wametoka skuli, viyoyozi vimewashwa," akajibu. "Kesho njoo mapema."

Chuo sikusoma. Vitabu vya mitambo nilivisoma mwenyewe kwa kamusi, polepole, na kile nisichokielewa nilikwenda kukigusa karakanani. Hivyo ndivyo nilivyopanda hadi kuwa mwendeshaji, nikapelekwa kusimamia kituo cha mji mdogo milimani, mwendo wa nusu siku kutoka Maskati.

Barabara ya mji ule ilivuka wadi. Karibu mwaka mzima wadi ni bonde la kokoto kavu. Mvua ikinyesha milimani, hushuka ghafla, matope na mawe kwa pamoja, na mji ukawa hauna njia. Dizeli yetu ililetwa kwa lori lililovuka hapohapo. Tuliihifadhi katika tangi kubwa la akiba, kisha tukaipandisha katika tangi la siku, tangi dogo lililoinuliwa ili mafuta yateremke yenyewe mpaka kwenye mtambo.

Jirani wa kituo alikuwa Mzee Khalfan. Hakuacha kuja getini na bakora yake.

"Mwanangu, huyu ng'ombe wako hachoki kulia?"

"Akinyamaza, mzee, utakaa gizani."

"Giza nnalijua tangu nizaliwe. Usingizi ndio nnaoukosa."

Kisha ukaja mwaka wa mvua kubwa. Wadi ilichukua kivuko cha zege chote. Lori la dizeli tuliliona limesimama ng'ambo, na tangi letu la akiba lilikuwa karibu tupu. Wakati huohuo kifua cha Mzee Khalfan kilimbana, akalazwa zahanati. Mitungi ya oksijeni ikaisha, ikabaki mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani. Jenereta ya zahanati ilikuwa imeingia matope. Helikopta ilikuja, ikakuta mawingu yamelala juu ya milima, ikageuka. Pumzi ya mzee yule ikawa inategemea kituo changu.

Simu ilikuwa bado inashika. Nikampigia Mhandisi wa Wilaya.

"Zima njia zote za umeme, bakisha ya zahanati," alisema.

"Nimeshazima. Lakini njia ya zahanati ina nusu ya nyumba za mji, na hapa hakuna swichi ya kuzitenga."

"Waombe watu wazime wenyewe."

"Nimetangaza msikitini."

"Na?"

"Mshale haujasogea."

"Basi endelea kuomba," akasema, na sauti yake haikuwa ya mkubwa wa kazi.

Aliyenisaidia ni Bi Salma, binti wa Mzee Khalfan. Alitoka zahanati akaja mpaka getini.

"Umetangaza wapi?"

"Msikitini, bibie."

"Umewaambia wanaume! Wanaume wako ukingoni wanayatazama maji kama hawajapata kuyaona. Swichi ya kiyoyozi nani yuko nayo?"

Wanawake wa mji ule wana ada yao. Kila alasiri, mtaa mzima hunywa kahawa katika nyumba moja, na zamu huzunguka. Mwenye zamu hutoa tende na matunda, na wenziwe wote huja. Bi Salma aliamua zamu ianze tangu asubuhi: kila mtaa uwashe nyumba moja tu, wote wakae humo na watoto wao. Nyumba nyingine zizime mpaka mafriji, nyama ipikwe iliwe pamoja.

"Na asiyetaka?" nikauliza.

"Asiyetaka kunywa kahawa yetu?" Alijifunga vizuri shela yake. "Thubutu!"

Nilirudi kwenye mita. Kwanza sauti ikawa nyepesi, kisha mshale ukaanza kushuka, ukituama na kushuka tena, mtaa baada ya mtaa. Uliposhuka vya kutosha niliwasha mtambo wetu wa pili, mdogo, usioweza mzigo mkubwa lakini unaokunywa mafuta machache. Nikaulinganisha na ule mkubwa, maana mitambo miwili lazima iende mwendo mmoja kabla ya kuunganishwa, nikauhamishia mzigo, kisha nikauzima mkubwa. Taa haikupepesa.

Tulikwenda hivyo mpaka maji yalipopungua, greda ikasawazisha mawe, na lori likavuka kwa vigelegele. Katika tangi la siku palikuwa na mafuta ya kufunika sakafu tu.

Mzee Khalfan aliporudi nyumbani, alinijia getini kama kawaida.

"Nilipomsikia kule zahanati ng'ombe wako kabadilisha sauti, nikajua nimekufa."

"Nilibadilisha ng'ombe, mzee."

"Ungeniambia basi! Nimepiga shahada bure."

Miaka ikapita, nyaya za gridi zikafika mjini. Amri ya mwisho niliyopewa kabla ya kustaafu ilikuwa kukifunga kituo. Mhandisi wa Wilaya alikuja kushuhudia. Nilipouzima mtambo, ilikuwa alasiri. Tulipotoka tulikuta mkeka umetandikwa getini, na Bi Salma na wenziwe wamekuja na midila ya kahawa.

"Alasiri zetu zote umekaa na mtambo," akaniambia. "Leo zamu ni yako, nasi tumekuandalia."

Sijapata heshima kubwa kuliko ile. Nilikuwa bado nnakunywa finjani ya kwanza Mzee Khalfan alipotokea na bakora, amekunja uso.

"Kimya hiki chote cha nini? Sasa mimi ntalala vipi?"

Siku hizi naishi Ghubra, mtaa wa Maskati. Kiyoyozi kikuukuu cha jirani kinanguruma nyuma ya ukuta wa chumba chetu, na mke wangu hunihimiza nikalalamike. Sijaenda. Nnalala vizuri sana, alhamdulillahi.