Sikio la Kidomo

Iko siku moja naikumbuka kila nikisikia mbuzi analia, na leo nitakusimulia kwa sababu nimekukasirikia, mwanangu. Kaa hapo. Jana uliacha mlango wa banda wazi, mbuzi wakamaliza mchicha wa watu, nami nikamgombeza dada yako Zuhura mbele yako. Ulinyamaza. Na chakula cha jioni ukala ukashiba.

Nilikuwa na miaka kumi, zamani za Mwingereza, hapa hapa Kibiti. Tulikuwa na mbuzi watatu, wale wafupi wanaomfikia mtu magotini, na tuliishi nao kama watu wa nyumbani. Mmoja baba alimwita Bwana Shauri, jina ambalo watu waliwaita wazungu wa boma, kwa kuwa alishinda juu ya kichuguu akiwatazama wenzake wakihangaika, na tone moja tu la mvua likianguka yeye ndiye wa kwanza barazani. Wa pili ni Tulizo, jike mpole. Ukimwita anakuja, ukikaa naye anakaa. Wa tatu ndiye Kidomo, wangu mimi. Mwizi, mkaidi, mlafi. Aliwahi kutafuna kofia ya mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, kisha akatutazama kama aliyeonewa yeye. Nilimpenda kupita kiasi.

Kidomo alikuwa hatoki kwenye muhogo wa jirani yetu, Mzee Mtupa, na Mzee Mtupa alikuwa mwepesi wa hasira. Siku moja alikuja uani kwetu na panga mkononi, akasema mbele za watu, "Akirudi tena huyu, namkata masikio." Watu wakacheka.

Mwezi ule mama alijifungua mtoto wa kiume, na baba akasema Kidomo ndiye atakayechinjwa kwenye akika, ile sadaka ya kumshukuru Mungu kwa mtoto, maana ndiye aliyenona. Wageni walikuwa wameshatoka Salale kwa mtumbwi. Chuoni nilikuwa nimesikia kwamba mnyama aliyekatwa sikio hafai kwa akika. Basi asubuhi, wakubwa wakiwa bondeni kwenye mpunga, nikachukua kisu cha bibi cha kuchania ukindu wa mikeka, nikamkata Kidomo kipande cha sikio. Alipiga kelele, halafu akarudi kunusa kanga yangu kama nimemfichia chakula.

Baba alipoiona damu hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mtupa. Mzee akaweka jembe chini, akasema, "Si mimi, Baba Mwanaidi." Alisema mara tatu. Baba akamwita mwongo mbele ya mkewe na watoto wake. Mimi nilikuwa nyuma ya baba, nimemshika kanzu, na sikufungua mdomo.

Akika ikafanywa kwa Tulizo. Mbuzi wengine huburutwa. Yeye aliitwa tu, akaja. Sikuweza kula nyama ile, na mpaka leo sijajisamehe.

Mzee Mtupa hakualikwa. Msikitini watu wakaanza kukaa mbali naye. Wiki ya pili alikuja mwenyewe barazani kwetu, akamwambia baba, "Itisha halbadiri. Isomwe kesho Ijumaa, nami nitakaa hapo hapo mbele." Halbadiri, mwanangu, ni kisomo cha kumwapiza mkosaji asiyejulikana, na sisi watoto tuliamini kwamba anayesomewa huvimba tumbo akafa. Mchana ule ule nikamkimbilia bibi, nikamweleza yote.

Nilidhani atanikumbatia. Akauweka ukindu wake chini.

"Siku zote hizi umemwona mzee wa watu akidhalilishwa, hukusema. Leo umesikia tumbo lako litavimba, umekuja mbio. Wewe hukuja kwa ajili yake. Usinililie hapa."

Maneno yale yalinichoma, na yangali yananichoma.

Baba alinishika mkono mpaka kwa jirani, nikasema kwa mdomo wangu. Mzee Mtupa alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamtazama baba. "Mtoto nimemsamehe," akasema. "Wewe bado." Akaendelea kupalilia.

Waliswali safu moja miaka mingi bila kupeana mkono. Baba alipofariki, Mzee Mtupa alikuja kubeba jeneza, lakini hatukumsikia akilifuta lile neno lake, "Wewe bado". Namkasirikia baba kwa kutouliza. Najikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu ningesema pale nyuma ya kanzu, zingekuwa fimbo mbili tatu, yakaisha. Na Kidomo naye alizeeka na sikio lake pungufu, akiiba muhogo ule ule, wala hakujua alivyomponza mwenzake Tulizo.

Basi nisikilize. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kabla mwenzako hajaumia kwa ajili yako, wala usingoje mpaka uogope. Na ukishakuwa mkubwa, mtu akikuambia si mimi, muulize tena kabla hujamtukana.

Zuhura yuko jikoni. Nenda ukamwambie, nami nakuja nyuma yako kumwomba radhi, maana jana hata mimi sikuuliza. Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kusema mapema, akujaalie umri mrefu, na siku yako ikifika, majirani wakuzike wakiwa radhi nawe. Inuka sasa.