Bosi Aliyeijulia Hali Seva

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa waandishi wa programu watatu na bosi mmoja, juu ya duka la mbolea mjini Nyeri. Kazi zetu zote zilikaa kwenye seva moja kuukuu: unachukua faili, unairekebisha, unairudisha. Disketi bosi alizipiga marufuku baada ya kuletewa virusi.

Jumamosi ya ruracio yangu, sherehe ya kuletewa mahari, nilitakiwa kurudisha sehemu ya programu ya kupima kahawa, mwenzangu aipeleke kiwandani Gakindu, kisha nikimbie nyumbani Kiganjo. Wakwe walikuwa njiani kutoka Nanyuki na mahari. Na kwetu pombe ya ruracio haiguswi mpaka msichana mwenyewe aulizwe mbele ya watu kama inywewe. Bila mimi, wazee wangekaa koo zimekauka, na mchumba wangu angerudi kwao bila jibu.

Seva ikagoma. Tukaizima, tukaiwasha, ikapumua kidogo, ikagoma tena. Nilitaka kuipiga teke.

Mwishowe nikauona ugonjwa. Programu ya seva ilikuwa na adabu ya kijinga: yeyote aliyepiga hodi alipewa kiti, ikamngoja aseme jina lake, hata kama hakuwa na nia ya kulisema. Viti vikijaa, wenye kazi tunabaki nje. Na hodi zote zilitoka kompyuta moja, ya bosi.

Nikamuuliza anafanya nini. Akanieleza kwa upole kwamba amejifunza amri ya kugonga mlango wa seva, na kwa kuwa leo inaumwa, anaijulia hali kila mara.

"Ati nipite karibu na mgonjwa bila kumsalimia?" akasema. "Hata wewe haungefurahi."

Nikachomoa kibodi yake, nikaikalia. Tukaiwasha seva upya, nikarudisha kazi yangu, nikatoka mbio.

Nilifika nyumbani jua likielekea kuzama. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wakikitazama kibuyu cha pombe. Mchumba wangu, ndani ya suti, alikuwa kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Baba akasimama, akaanza kuniuliza kama ile pombe inywewe.

"Inywewe," nikasema kabla hajamaliza.

Tata, shangazi yangu, akanifinya, akaninong'oneza kwamba msichana husita kidogo, wasije wakasema ana haraka ya mume.

"Lakini tata, niko na haraka," nikamjibu, na nyumba nzima ikasikia.

Mchumba wangu akatoa kitambaa, akajifuta macho mbele ya wazee wote.