Mashua ya Unga Kwenda Kotile

Mwaka ule mto Tana ulipofurika na barabara ya Kotile ikakatika, Aabo, baba yetu, aliazima mashua ya injini kutoka kwa binamu yake hapa Garissa. Majirani walichanga unga na dawa za kuhara kwa ajili ya watu waliozingirwa na maji. Tulipanda wanne: Aabo, mama yetu Hooyo, dada yangu na mimi. Hakuna aliyejua kuogelea. Sisi ni watu wa mifugo. Mto kwetu ulikuwa mahali pa kunyweshea ng'ombe tu.

Njiani injini ikazimika. Aabo alivuta kamba yake mpaka viganja vikachubuka, lakini wapi. Mkondo ukatubeba ubavu ubavu kati ya vilele vya miti iliyozama. Hooyo alikuwa akitamka shahada polepole. Niliamini tunakufa.

Matawi ya mgunga yakatunasa karibu na kipande cha ardhi kilichobaki kikavu, kimejaa watu na mbuzi. Nilidhani watakimbilia unga. Badala yake mzee mmoja aliingia majini hadi kifuani, akashika mashua.

"Binti yangu ana uchungu tangu jana," alimwambia Aabo. "Mtoto hatoki. Mpelekeni Kotile, kuna zahanati."

"Injini imekufa, adeer," Aabo alijibu, akimwita ami kwa heshima.

"Mkondo unakwenda huko huko. Akibaki hapa nitamzika, na hata pa kumzika sina."

Tukashusha unga wote. Mashua bado ilikuwa nzito, dada yangu akashuka pia.

"Usinitazame hivyo, Hooyo," alisema. "Nendeni."

Aabo na mimi tuliongoza mashua kwa miti mirefu waliyotukatia. Yule mwanamke alilala mapajani mwa Hooyo, akipiga kelele kila tulipogonga kitu. Kisha akanyamaza, na ule ukimya ulinitisha kuliko kelele. Hooyo alimpigapiga mashavu, akimwita "binti yangu, binti yangu", huku akigeuka kutazama tulikomwacha wa kwake.

Pale zahanati walimwokoa yule mama. Mtoto alitoka amekufa.

Injini ilipotengenezwa, siku kadhaa baadaye, tulirudi. Dada yangu alikuwa hai, amekonda, anakoroga uji wa watoto wasio wake. Mzee alitufuata ukingoni.

"Amezaa nini?"

"Binti yako yuko hai, adeer," Aabo alijibu.

Mzee akashika mashua, dada yangu akapanda. Habari ya mtoto hakuuliza tena.