Sileti Iliyopakwa Mawese

Mpaka leo nikisikia mtu akisifu kazi za shule za kufanyia nyumbani, humuuliza: nyumba ipi? Ya kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ile ya hamsini, ilikuwa chumba kimoja na ua uliojaa moshi. Baba akirudi ziwani, samaki hawangoji. Mama na mimi tuliwapasua, tukawatandaza juu ya vichanja, tukachochea moto wa kuwakausha. Nilipokuja kukumbuka hesabu, jua lilikwisha zama, na taa ilikuwa ya kuwashwa wakija wageni.

Mwalimu wetu mpya hakulijua hilo, wala sidhani alitaka kulijua. Alitoka miji ya migodini, suruali imenyooka, na aliapa kwamba shule ya wavuvi nayo itakuwa bora kama za mjini. Kila jioni tulibeba nyumbani sileti zetu, vile vibao vyeusi vya mawe, tukiwa na hesabu za kufanya. Aliyekuja asubuhi na sileti tupu alirudishwa kwao. Akirudishwa tena, nafasi yake anapewa mwingine, maana watoto waliosubiri kuingia walikuwa wengi. Penye nia pana njia, alituambia. Nia nilikuwa nayo tele, nilichokosa ni mwanga.

Mimi nilikuwa nimekwisha rudishwa mara moja. Mama aliponiuliza kisa, sikuthubutu kumwambia kwamba ni samaki wake. Nilisema tu kwamba sileti yangu haikumpendeza mwalimu. Mama alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na nyumbani tulisemezana naye Kiswahili cha huko. Darasani hakuwahi kukanyaga. Baba naye alikwisha tamka kwamba nikifukuzwa nitapelekwa kisiwani Chisenga kwa shangazi, kwenye kambi za wavuvi, nikakaushe samaki mpaka niolewe. Nilimjua baba. Neno lake halikuwa na marudio.

Siku iliyofuata nilifanya hesabu zote njiani, nimepiga magoti kando ya barabara, kabla moshi wa kwetu haujaniona. Nikaitia sileti kwa uangalifu katika mfuko wangu wa shule, na nilipofika nyumbani nikautundika mfuko ukutani. Asubuhi mama mwenyewe ndiye aliyenikabidhi ule mfuko, akitabasamu.

Darasani nikaitoa. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, haina hata tarakimu moja.

Kwetu mtu haendi mbele za watu na ngozi kavu. Mtoto hupakwa mafuta kabla ya kwenda kanisani. Mama alikuwa ameiosha sileti yangu ikatakata, kisha akaipaka mawese, ili safari hii impendeze mwalimu.

Mwalimu alikuwa ameanza kukagua safu ya mbele. Nilishika chaki nikajaribu kuandika upya, ikateleza. Nikasugua kwa pindo la gauni, mafuta yakatapakaa zaidi. Viatu vyake vilikuwa vinasogea. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na hasira: na mwalimu, na samaki, na mama, kisha na nafsi yangu kwa kumkasirikia mama.

Alisimama mbele yangu akauliza hesabu ziko wapi. Ningemtaja mama, darasa zima lingemcheka. Akaichukua sileti, akapitisha kidole, kidole kikawa chekundu. Akauliza nani amefanya hivi, naye alikuwa akitazama mlango, kama mtu aliyekwisha kata shauri.

"Ni mama," nikasema. "Alitaka ikupendeze."

Wakacheka kweli. Yeye hakucheka. Kabla hajasema neno niliomba niziandike hesabu ubaoni, zote nazikumbuka. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Labda ni Chisenga iliyonisukuma. Akanipa chaki. Niliandika moja baada ya nyingine, na nilipomaliza alisimama akiutazama ubao muda mrefu kuliko hesabu zenyewe zilivyohitaji. Kisha akaniambia nikakae.

Mchana, kabla ya kengele, alitangaza kwamba sileti hazitatoka tena shuleni. Hesabu tutazifanya palepale, yeye akiwapo, ndipo twende makwetu. Hakutoa sababu wala hakuniangalia.

Mama alikuwa ananingoja kwenye vichanja, kisu mkononi.

"Mwalimu aliona sileti?"

"Aliona, mama."

"Eko wapi sasa?"

Nikamwambia mwalimu amebaki nayo, haitarudi tena nyumbani. Aliwaza kidogo, halafu uso wake wote ukafunguka.

"Basi ilikuwa muzuri sana," alisema. "Njo maana anabakia nayo."

Nikaitikia kwamba ilikuwa nzuri sana, nikachukua kisu changu, nikakaa karibu naye tukapasua samaki.